Jumatano Iliyopotea Juu ya Bahari

Wacha nianze na lile mnaloniuliza sana: hapana, sikuona mnara wowote mrefu, wala sikupiga picha na sanamu. Nimezunguka dunia yote, nikatokea upande mmoja nikarudia upande ule mwingine, na kitu nilichoona zaidi ni jikoni za watu. Tangu nirudi hapa Mukurweini siwezi kupeleka maziwa bila kusimamishwa. Mama Shiru ananiuliza hili, Mama Kendi ananiuliza lile, na kesho yake wananiuliza tena kana kwamba jana nilikuwa naongea na ukuta. Basi nimekaa chini nikaandika. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama Kendi ni Mmeru, na nikiandika Gikuyu atasema tunamsengenya.

Mambo ya tikiti na viza msiniulize. Watoto walifanya wenyewe kwa simu. Mimi mama yao niliambiwa tu, "Maitu, weka kidole hapa," nikaweka.

Kutoka nyumbani

Watoto wangu ni hao watatu. Njeri anatunza wazee Ujerumani, Kariuki anaendesha lori Kanada, na kitinda mimba wangu Wangari yuko Nyuzilandi na mume wake Mutua, kijana wa Machakos anayetengeneza barabara. Walikubaliana nizunguke niwaone wote kwa safari moja, na nimalizie kwa Wangari wiki mbili kabla hajajifungua. Wangari ndiye aliyekuwa sababu ya safari. Hao wengine wawili wanisamehe, walikuwa njiani tu.

Mwaka uliotangulia Wangari alipata mtoto wake wa kwanza, na huyo mtoto aliishi siku moja. Mutua alikuwa mbali kazini na mafuriko yalikuwa yamefunga barabara. Msichana wangu alizaa peke yake, akazika karibu peke yake, mimi nikiwa hapa nakamua ng'ombe. Siku ile nilimwambia Baba Kariuki, na Mungu akisikia: huyu wa pili akija, mimi nitakuwa kando ya kitanda. Baba Kariuki alisema sawa, ng'ombe atakamua yeye.

Nilifunga njahi, yale maharagwe yetu meusi, na unga wa wimbi, kwa sababu mzazi asipokula njahi maziwa atayatoa wapi? Kisha mkaanza kuja na mizigo yenu. Mama Shiru alileta kiondo cha kijana wake aliye Amerika. Nikamwambia siendi Amerika. Akasema, "Si imepakana na Kanada? Utamrushia tu." Mama Shiru, kiondo chako kimezunguka dunia na kimerudi, kiko hapa kwangu, njoo ukichukue.

Na ule mchana wa maombi mnaukumbuka. Mchungaji aliombea nchi moja moja nitakazopitia, kisha akaendelea na zile ambazo sikuwa naenda. Gari lilikuwa limewashwa. Alipofika Uchina, Baba Kariuki akasema "Amina!" kwa sauti kubwa katikati ya sentensi, watu wote wakaitikia, nami nikaingia ndani ya gari. Tulifika uwanja wa ndege wakiwa karibu kufunga, jasho linanitoka hadi kwenye viatu.

Ujerumani, kwa Njeri

Njeri alinichukua tukapanda treni. Sasa niambieni, nyinyi mngefanya nini? Mnaingia mahali, watu wamekaa, mtanyamaza kama wezi? Nilianza na aliyekuwa mlangoni, nikawa napeana mkono kiti kwa kiti. Wa kwanza alinishika kidole tu. Wa pili akaangalia dirisha. Wa tatu, mama mmoja mwenye kofia nyekundu, alinishika vizuri sana, na nilipotoa mkono nikakuta ameniwekea sarafu.

"Maitu, keti chini, aki watu wanatuangalia," Njeri akaniambia.

"Wacha waangalie, si wako na macho? Kwani huyu ananilipa nini?"

"Anadhani unaomba!"

Mimi! Na viatu vipya! Nilirudi nikampa sarafu yake, akaikataa, nikamrudishia tena, akaikataa tena. Mwishowe nilimpa peremende mbili kutoka mfukoni ili tulingane. Alizila zote mbili palepale huku ananicheka kwa macho, na aliposhuka alinipungia mkono. Njeri hakuniongelesha mpaka tulipofika nyumbani.

Chakula chao cha jioni ni mkate baridi na nyama baridi. Siku ya kwanza nilidhani wamefiwa. Nilimwambia Njeri, mtoto wangu, sufuria ziko na kazi gani humu ndani? Kesho yake nilipika mukimo wa viazi vya kuponda, ijapokuwa mahindi yao yanatoka kwenye mkebe na ni matamu kama keki.

Kuna jirani yake mmoja mzee alitualika. Akatuwekea kahawa, nyeusi, bila maziwa. Mnajua sisi tulivyo. Tunachuma, tunapeleka kiwandani, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai. Nimechuma kahawa tangu nikiwa msichana na sijawahi kumaliza kikombe kimoja. Siku hiyo nilimaliza kwa heshima. Yule mzee aliniuliza, Njeri akitafsiri, kama ni nzuri kama ya kwetu. Nikasema sijui, ya kwetu hatujawahi kuionja. Wakacheka wakidhani ni mzaha. Mimi nilikasirika kidogo, na hata sasa sijui nilimkasirikia nani.

Kila jioni tulimpigia Wangari simu. Alikuwa mzima, miguu imevimba tu. Nilimwambia akae nayo juu, anisubiri.

Kanada, kwa Kariuki

Kwa Kariuki kulikuwa na baridi ambayo siwezi kuwaelezea, hata nyinyi mnaolima chini ya mlima. Nilianika kitambaa nje, nikarudi nikakuta kimesimama chenyewe. Kariuki amenenepa, ameanza kuongea kwa pua, lakini bado anasali kabla ya kula, kwa hivyo sikusema mengi.

Nilikuwa nimepangiwa kukaa kwake karibu mwezi. Wiki mbili hazijaisha, Wangari akapiga simu wakati si wa kupiga simu. Presha imepanda, daktari amesema huenda mtoto akatolewa mapema. Tena Mutua alikuwa kule mbali kazini, ameomba ruhusa lakini bado hajaachiliwa.

"Maitu, usishtuke," akaniambia. "Bado niko sawa."

Sauti yake naijua. Ni ile anatumia akiwa amejikata na hataki nione.

Kariuki alibadilisha tikiti usiku uleule. Kulipokucha, theluji ikaanza kuanguka, na ndege ya kunipeleka Vancouver, mji wa pwani ambako ile ndege kubwa ilikuwa inangoja, ikafutwa. Tulikaa uwanjani tukiangalia ubao. Ikafutwa na ile ya mchana. Kariuki akasema labda kesho, kesho kutwa. Hapo nilisimama.

"Wewe kazi yako ni gani hapa?"

"Si ni kuendesha, Maitu."

"Basi endesha."

Alinieleza habari ya milima, theluji inayoporomoka, barabara inayofungwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia dada yake alizaa peke yake mara moja na haitakuwa mara mbili. Akachukua funguo.

Milima ya huko ni mirefu, haina chai wala migomba, ni mawe na miti tu. Katikati yake tulikuta barabara imefungwa, wanaondoa theluji iliyoporomoka. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka macho yanachoka. Tulielekezwa kwenye kituo cha mafuta chenye hoteli kando yake, na kuingia ndani nikasikia harufu. Nikamwambia Kariuki nimeanza kuwa mgonjwa, nasikia harufu ya chapati.

Zilikuwa chapati kweli! Hoteli ni ya Wahindi wanaoendesha malori, na chakula chao ni chapati na dengu. Woi, nilitaka kulia. Lakini ndani kulikuwa na madereva wamejazana, na mama aliyepika alikuwa peke yake na msaidizi mmoja, wamelemewa. Watu wanangoja, wanagonga meza. Mimi siwezi kukaa nikitazama mwanamke mwenzangu akizama. Nilivua koti, nikanawa mikono, nikaingia jikoni.

Yule mama alinitazama kwa mshangao. Sikuwa na lugha yake, yeye hakuwa na yangu. Akasema neno kali, nadhani alikuwa ananiambia choo kiko upande ule mwingine. Nilichukua kifimbo cha kusukumia, nikasukuma moja, nikamwonyesha. Aliishika, akaipima kwa macho, akaitupa kwenye kikaango chake na kuniongezea unga mbele yangu. Tulifanya kazi hivyo mpaka barabara ikafunguliwa. Mikono ikiwa na kazi, moyo unatulia, na wangu ulikuwa unahitaji kutulia kwa sababu Wangari hakuwa anashika simu.

Tulipoondoka yule mama alinifungia chapati kwa karatasi na akakataa Kariuki alipe. Yeye zake ni nyembamba kuliko zetu, na hatii mafuta ndani. Mama Kendi, nitakufundisha.

Tulifika Vancouver Jumanne jioni. Kariuki alikuwa na macho mekundu kama pilipili. Alinikumbatia, na yeye si mtu wa kukumbatia.

Juu ya bahari

Nilipanda ndege Jumanne. Hilo nataka mlishike. Kando yangu alikaa mzee mmoja mzungu wa Nyuzilandi, mfugaji, mikono yake mikubwa na imepasuka kama ya Baba Kariuki. Tuliongea habari ya ng'ombe kwa Kiingereza changu cha shule. Aliniuliza wangu ni wangapi, nikamwambia wanatosha, kwa maana sisi hatuhesabu mifugo yetu mbele ya mgeni. Yeye akanitajia wake, mamia! Nikamuuliza majina yao. Akacheka, akasema wana namba kwenye masikio. Nilimwonea huruma.

Nilikula, nikaomba, nikalala, nikaamka, nikaomba tena. Chini hakukuwa na taa hata moja, maji tu. Kulipopambazuka rubani akatusalimia na kusema leo ni Alhamisi.

Nilimgeukia mzee. "Amekosea. Ni Jumatano."

"Ni Alhamisi," akasema.

"Mimi nimepanda Jumanne. Nimelala mara moja. Jumatano imeenda wapi?"

Alichukua kikombe chake, akakizungusha, akanieleza kwamba kuna mstari katikati ya bahari na mtu akiuvuka kwenda upande huo anaruka siku moja. Nikamuuliza siku hiyo inarudishwa lini. Akasema nikirudi kwa njia ileile. Lakini mimi nilikuwa nimepangiwa kurudi kwa upande ule mwingine, kupitia Uarabuni! Kwa hivyo nina umri wa miaka sitini na mbili kasoro Jumatano moja, na hakuna mtu wa kunilipa.

Uwanjani Nyuzilandi walinisimamisha. Nilikuwa nimesema ukweli kwamba nina njahi, kwa sababu ubaoni wameandika useme ukweli. Msichana wa sare alifungua mkoba, akazimwaga njahi zote kwenye beseni, akaniambia mbegu haziruhusiwi kuingia. Nilimweleza ni za mzazi. Akasema pole. Nikamweleza kwamba zimepita Ujerumani na Kanada bila shida. Akasema pole tena, na alikuwa mpole kweli, ndiyo maana sikuweza hata kumgombeza. Nilizitazama zikienda na nikahesabu wakati ninaopoteza, maana Wangari alikuwa bado hashiki simu.

Nje kulikuwa na jua kali, na mimi nimevaa sweta tatu za Kanada. Mutua alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya kazi, matope mpaka magotini. Alinisalimia akiangalia chini.

"Mama, mtoto alikuja jana."

"Jana gani?"

"Jumatano, jioni. Mimi nilifika akiwa ashazaliwa."

Nilishika kile kigari cha mizigo. Siku moja, kati ya siku zote alizoumba Mungu, nami sikupewa hata saa yake. Nilimwuliza kama mtoto yuko hai.

"Yuko hai. Ni msichana. Ni mdogo, lakini wamesema ako sawa."

"Na mbona hamkumpigia Kariuki simu? Mbona nyumbani hawajaambiwa?"

"Wangari amekataa. Amesema nisiambie mtu yeyote. Hata mamangu hajui."

Mimi simu ikinyamaza najua maana yake. Ule mwaka mwingine pia ilinyamaza hivyohivyo. Ndani ya gari sikuweza kumwamini Mutua, Mungu anisamehe. Nilidhani ananitayarisha polepole.

Safari ya kurudi

Naiweka hapa ili iishe, kwa sababu hospitali nataka iwe ya mwisho. Nilikaa Nyuzilandi miezi mitatu, nikarudi kupitia Uarabuni, ambako nilikaa uwanjani mchana kutwa kwa sababu ndege iliharibika, na mwanamume mmoja wa Kisii akanitunzia mkoba nikalala kwenye kiti. Nilifika nyumbani nikakuta Baba Kariuki amekonda lakini ng'ombe wamenenepa. Ni hayo tu.

Hospitali

Chumba kilikuwa na pazia la kijani. Wangari alikuwa amekaa kitandani, uso umevimba, nywele hazijachanwa, na kifuani alikuwa na kitu kimefungwa kama furushi la sukuma wiki. Furushi likasogea. Nilisogea karibu nikaona pua.

Nilianza kulia. "Nimechelewa, mtoto wangu. Nilisema nitakuwa hapa na nimechelewa tena."

"Hujachelewa, Maitu."

"Wacha kunibembeleza. Amezaliwa jana."

"Amezaliwa, lakini hajakaribishwa," akasema. "Unajua mbona nilikataa simu? Yule wa kwanza hakuna mtu alimpigia ngemi, hata kigelegele kimoja. Hapa hakukuwa na mtu, na huko nyumbani mlikuwa bado mnangoja habari zaidi. Akaenda hivyo. Nilimzika kama mtu ambaye hakuwahi kufika." Akamfunika mtoto sikio. "Huyu nilisema hatakaribishwa na simu. Atakaribishwa na mtu ako na mwili. Nilijua unakuja."

Nilipangusa uso kwa sweta.

"Si hapa ni hospitali," nikasema. "Wenzako wamelala."

"Maitu. Piga."

Nilipiga kidogo, kwa aibu, kama mtu anayekohoa. Wangari akanikunjia uso. "Hiyo ni gani? Hiyo usihesabu. Piga vile mnapiga kanisani."

Basi nikashika kiuno, nikapiga. Mnaijua sauti yangu. Ya kwanza ilitoka mpaka dirisha likalia. Mutua akaruka. Nikavuta pumzi nikapiga ya pili, na kabla haijaisha kengele ilikuwa inalia ukumbini, miguu inakimbia, na wauguzi wanne wameingia wakisukuma mashine yenye magurudumu. Mmoja alinishika mabega kunikalisha. Mwingine alikuwa tayari anamfunua mtoto.

"Nini kimetokea? Nani ameanguka?"

Wangari alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, hawezi kuongea, na hilo likawafanya waogope zaidi. Mutua ndiye aliyeeleza, ameinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Aliwaambia kwamba kwa watu wa mama mkwe wake, mtoto akizaliwa, wanawake hupaza sauti ili ulimwengu ujue mgeni amefika. Kijana wa Kikamba, na alieleza vizuri kuliko Mgikuyu.

Mkubwa wao alikuwa mama mnene, wa wenyeji wa nchi ile tangu zamani, ana michoro kwenye kidevu. Alizima kengele. Alinitazama sana. Nikajua sasa nafukuzwa.

"Ni mara ngapi mnapiga?" akaniuliza.

"Mvulana ni tano. Msichana ni tatu."

"Na umepiga ngapi?"

"Mbili."

Alimwangalia mtoto. Kisha akaenda mlangoni, na badala ya kuufunga akaufungua wote, akasimama kando.

"Huwezi kumwacha hapo," akasema. "Maliza."

Nikamaliza.